Jinsi ya kufungua mfereji uliogandana na bomba bila kubomoa ukuta

ILIKUWA Jumapili alasiri, wakati ambapo mafundi wengi wamepumzika na maduka mengi ya vifaa vya ujenzi yamefungwa. Mfereji wa bafuni katika nyumba niliyokuwa nimepanga mtaani Tudor, Mombasa, ulikuwa umedondoka usiku na mchana kwa majuma mawili, nami nilikuwa nimeazimia kuubadilisha kwa mikono yangu mwenyewe. Nilikuwa na mfereji mpya, spana niliyoazima kwa jirani, na imani kubwa mno.

Valvu ya kufungia maji nilikuwa nimeijaribu mapema, nikaona haisogei. Badala ya kuahirisha kazi, nilijiambia kwamba ningeung'oa mfereji mkuukuu na kuupachika mpya upesi kabla maji hayajanilowesha sana. Mfereji nao ulikataa kuzunguka. Nikaongeza nguvu, ukakataa. Hatimaye nikachukua kipande cha bomba chenye urefu wa karibu nusu mita, nikakivisha kwenye mpini wa spana, nikajitegemeza kwa mguu ukutani na kuvuta.

Ukazunguka kwa ulaini wa ajabu. Nikatabasamu. Kumbe haukuwa umefunguka, bali ulikuwa umekatika! Kipande chenye hesi kilibaki ndani ya ukuta, na maji ya tangi lililokuwa juu ya paa yakaanza kuruka hadi ukuta wa pili. Nusu saa baadaye, mama aliyeishi chini yetu alipanda ngazi kwa upole kutuarifu kwamba dari lake lilikuwa likidondosha maji juu ya godoro la mtoto mchanga. Kisa na maana, mpira mdogo ndani ya mfereji ambao haungenigharimu hata bei ya mkate.

Nimekumbuka kisa hicho kwa sababu kila mara ninapozungumza na watu waliojaribu kukarabati bafu zao, husimulia jambo lilo hilo kwa maneno tofauti. Si mfereji mpya unaowashinda, wala si ule mpira. Kinachowashinda ni kile cha zamani kukubali kutoka. Makala haya yanaeleza ni kwa nini viungo vya maji hugandana, na ni hatua zipi anazopaswa kuchukua mwenye nyumba au mpangaji kabla ya kutumia nguvu.

Kinachoshika ni nini?

Bomba na kiungo chake hushikana kwa hesi, yaani ile mistari iliyochongwa kuzunguka mithili ya ngazi ya mviringo, ambayo mafundi wetu wamezoea kuiita thredi. Katika mabomba ya chuma, hesi hizo aghalabu huchongwa zikipungua unene kuelekea nchani. Kwa hivyo, kadiri kiungo kinavyokazwa ndivyo chuma kinavyobanana na chuma. Hilo ndilo lizuialo maji kuvuja, na ndilo hilo hilo linalomtaabisha anayetaka kukifungua miaka kumi baadaye.

Adui wa kwanza ni kutu. Mabomba ya chuma hupakwa zinki ili yasiharibike. Hata hivyo, fundi anapolikata bomba na kulichonga hesi papo hapo kwenye ujenzi, kisu huiondoa zinki hiyo na chuma hubaki uchi. Yaani sehemu inayohitaji ulinzi zaidi ndiyo inayoachwa bila ulinzi. Na kutu haikai pale ilipokuwa chuma tu. Huvimba na kuchukua nafasi iliyo kubwa mara kadhaa kuliko ile ya chuma kilicholiwa. Ikivimba katikati ya hesi mbili zilizobanana, hazina pa kwenda ila kushikana zaidi.

Adui wa pili ni chokaa. Msomaji anayeishi Mombasa, Malindi au Lamu na kutumia maji ya kisima ameuona ukoko mweupe ndani ya birika lake la chai. Mwamba wa pwani ni wa matumbawe, nao asili yake ni chokaa. Maji ya mvua hupenya mwambani, huiyeyusha kiasi na kuibeba hadi kisimani, na mahali pengi karibu na ufuo huchanganyika pia na chumvi ya bahari. Maji hayo yakivuja tone baada ya tone kwenye nati na kukauka, huacha chokaa nyuma. Baada ya miaka michache, nati huwa kana kwamba imejengewa kwa saruji. Wakazi wengi wa maeneo makavu ya bara wanaotegemea visima virefu nao wanaijua hali hiyo.

Lipo pia tatizo la metali mbili zisizoelewana. Mifereji mingi hutengenezwa kwa mchanganyiko wa shaba na zinki, ule wenye rangi ya manjano chini ya mng'ao wa kromu, ilhali kiwiko kilicho ukutani huwa ni cha chuma. Metali hizo zikigusana ndani ya maji huwa kama betri ndogo, na katika betri hiyo chuma ndicho kinacholiwa. Maji yakiwa na chumvi, kazi hiyo huharakishwa. Ndiyo maana kiungo cha mfereji na kiwiko huoza kabla ya viungo vingine vya bomba lilo hilo.

Mwisho kuna yale yaliyowekwa na binadamu: nyuzi za katani na rangi nzito ambazo mafundi wa zamani walizungushia hesi, rangi ya ukuta iliyopakwa juu ya nati bila kujali, na saruji ya vigae iliyoingia shingoni mwa mfereji.

Ni muhimu kutambua ni kipi hasa kinachokukabili, maanake dawa ya chokaa si dawa ya kutu. Ukiona unga au ukoko mweupe, hiyo ni chokaa. Rangi ya hudhurungi inayochafua vidole ni kutu. Ukijani hutokana na shaba inayooza. Rangi na saruji hazihitaji dawa yoyote. Zikate kwa kisu kikali kuzunguka nati kabla hujagusa spana. Nimewahi kuona kigae kizima kikibanduka pamoja na mfereji kwa sababu mtu aliruka hatua hii ya dakika mbili.

Maji na stima kwanza

Kabla ya yote, funga maji. Katika nyumba nyingi za kupanga, valvu huwa karibu na mita, nje ya mlango, au juu ya paa chini ya tangi. Mpangaji asiyejua ilipo na amuulize mtunzaji wa jumba mapema, si wakati maji yamefika sebuleni. Ukishaifunga, fungua mfereji ulio chini kuliko yote nyumbani ili maji yaliyobaki yatoke, kisha uhakikishe kwamba hakuna tone linaloendelea.

Iwapo valvu yenyewe imeganda kama yangu, hiyo ndiyo kazi ya siku hiyo, na mfereji usubiri. Usiishike gurudumu lake kwa spana ndefu, kwani mti wa chuma ulio ndani ni mwembamba na hukatika upesi. Juu ya shingo ya valvu kuna nati ndogo ambayo mti huo hupitia. Ilegeze kwa robo mzunguko, tia tone la mafuta pale mti unapoingilia, kisha usukume gurudumu mbele kidogo na nyuma kidogo, mbele na nyuma, hadi lianze kutii. Halafu uikaze tena ile nati. Ikikataa kabisa, maji yafungwe mbele zaidi, kwenye mita au kwenye tangi.

Jambo jingine ambalo halipaswi kupuuzwa ni shawa ya umeme, ambayo siku hizi imo katika bafu nyingi humu nchini. Anayefungua kiungo chochote karibu nayo na azime stima kwenye sanduku kuu la nyumba, si kwenye swichi ya shawa pekee. Maji, chuma na waya uliolegea si vitu vya kufanyiwa majaribio.

Siki, mafuta na saa moja ya chai

Fundi aliyekuja kuniokoa Jumatatu asubuhi alikuwa mzee wa makamo ya babu yangu. Alilitazama tundu la ukutani kwa muda mrefu bila kusema neno.

“Mwanangu, ulitumia nini?” akauliza.

Nikamwonyesha spana pamoja na kile kipande cha bomba.

“Kabla ya hapo?”

“Hakuna, Mzee.”

“Basi uliivuta kabla hujaiuliza imeshikwa na nini.”

Kwa kuwa mfereji wa beseni la kunawia ulikuwa na umri uleule na ulikuwa ukivuja vilevile, aliamua kuufungua huo mbele ya macho yangu. Sikuwa nimewahi kuona kazi iliyofanywa polepole kiasi hicho. Alikwangua ukoko mweupe kwa mswaki mzee. Akachovya kitambaa katika siki, akakizungushia nati, akakifunika kwa mfuko wa plastiki na kuufunga kwa uzi. Kisha akaomba chai.

Siki ni asidi hafifu, nayo humenyana na chokaa moja kwa moja. Ukitazama kwa makini utaona viputo vidogo. Hiyo ni hewa ya kaboni ikitoka huku chokaa ikiyeyuka. Nusu saa hadi saa moja hutosha kwa mfereji wenye mng'ao wa kromu, kisha uoshwe kwa maji safi, kwa kuwa asidi ikikaa mno huweza kuuharibu mng'ao huo. Maji ya ndimu hufanya kazi iyo hiyo. Wenye sakafu za terazo au marumaru nao wajihadhari, kwani mawe hayo yana chokaa ndani yake na siki haibagui. Tandaza kitambaa kikavu chini.

Tahadhari moja ni ya uhai. Usichanganye kamwe siki na dawa ya kung'arishia nguo, ile ambayo wengi huiita jiki. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, ambayo ni sumu, na bafu ni chumba kidogo chenye dirisha dogo. Ikiwa sinki lilikuwa limesafishwa kwa jiki asubuhi, lisuuze kwa maji mengi kwanza.

Chokaa ilipokwisha, mzee aligeukia kutu. Hapa siki haina faida kubwa. Kinachohitajika ni mafuta mepesi yanayopenya. Anayekumbuka koroboi anajua jinsi utambi unavyoyavuta mafuta ya taa kutoka chini hadi juu bila kusukumwa na mtu. Ufa mwembamba kati ya hesi na hesi hufanya vivyo hivyo: huyavuta mafuta ndani, mradi yawe mepesi na yapewe muda. Mafuta ya kupikia na grisi ni mazito mno kwa kazi hii. Hukaa juu na kuudanganya moyo tu.

Madukani kuna makopo ya kunyunyizia yaliyotengenezwa kwa kazi kama hiyo. Linalojulikana zaidi ni WD-40, ambalo lilibuniwa mwaka wa 1953 mjini San Diego, Marekani. Herufi zake mbili zinatokana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya kuondoa maji, na nambari 40 ni hesabu ya majaribio yaliyofanywa hadi likapatikana lile lililofaa. Kwa maneno mengine, watu hao walishindwa mara 39, jambo linalopaswa kumliwaza kila aliyewahi kuchuchumaa chini ya beseni. Asiye na kopo hilo anaweza kutumia mafuta ya taa, ingawa yana harufu na huenda polepole.

Namna ya kuyatumia ndiyo siri. Tia mafuta pande zote za kiungo, gongagonga, subiri dakika 15 hadi 30, kisha utie tena. Kiungo kilichoshikana kwa miaka mingi kipewe usiku mzima. Watu wengi hunyunyiza, huhesabu hadi kumi, huvuta, halafu hulaumu mafuta. Kumbuka pia kwamba mafuta haya hayafai kunywewa, kwa hivyo baada ya kazi maji ya mwanzo yamwagwe. Aidha, huvimbisha mipira na kudhuru baadhi ya plastiki, basi yasiachwe yakatapakaa ovyo.

Kugonga hakumaanishi kupiga. Mzee alishika nyundo ndogo karibu na kichwa chake na kuipigapiga nati kwenye pembe zake zote, pigo jepesi baada ya pigo jepesi, huku upande wa pili akiwa ameshikilia kipande kizito cha chuma ili mtikisiko usiende ukutani. Kutu ni ngumu lakini ni kavu na hupasuka, kama ukoko wa wali uliokauka. Kila mtikisiko hufungua nyufa ndogo na kuyapitisha mafuta.

Joto la birika

Mafuta na nyundo vikishindwa, joto ndilo linalofuata. Wengi wanaposikia joto hufikiria tochi ya gesi yenye ndimi za buluu. Bafuni sipendekezi moto huo kwa asiye fundi. Huunguza mipira iliyo ndani ya mfereji, huyeyusha mabomba ya plastiki yaliyofichika nyuma ya vigae, hupasua kauri, na ukigusa mafuta yaliyotiwa muda mfupi uliopita huweza kuwasha nyumba. Zinki ya bomba nayo ikiunguzwa sana hutoa moshi unaomletea mtu homa.

Maji ya birika huwa na nguvu kuliko yanavyodhaniwa. Metali inayotumiwa kutengeneza nati za mfereji hutanuka kwa takriban sehemu 19 kwa kila milioni kwa kila nyuzi moja ya joto, ilhali chuma hutanuka kwa sehemu 12 hivi. Bomba la nusu inchi lina upana wa nje wa milimita 21 hivi. Nati inayolizunguka ikipata joto la nyuzi 70 zaidi, hutanuka kwa karibu mia tatu ya milimita, yaani 0.03. Ni kiasi kidogo kisichofikia unene wa unywele, lakini kutu haihitaji zaidi ya hapo ili ipasuke.

Funga kitambaa kinene kwenye nati, weka ndoo chini, na uyamwage maji yaliyochemka polepole juu ya kitambaa ili joto likae hapo. Lenga nati, si bomba, kwa kuwa kinachotakiwa kutanuka ni kile cha nje. Usiyaache maji hayo yakamwagika juu ya beseni la kauri lililo baridi, kwani huweza kulipasua. (Wakazi wa Nairobi, ambako maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi kutokana na kuwa juu sana ya usawa wa bahari, hawapotezi kitu kikubwa hapa, hata kama maharagwe yao huchelewa kuiva.) Nati ikishapoa kiasi cha kuguswa kwa mkono, ongeza mafuta, metali inapojikunja huyafyonza.

Spana mbili, si moja

Sasa ndipo spana huingia, na kosa langu kubwa lilikuwa hapa. Nilitumia moja. Kila nguvu niliyoitia kwenye mfereji ilipita hadi kwenye kiwiko na bomba lililo ukutani. Mzee aliitumia spana ya kwanza kukishikilia kiungo cha nyuma kisisogee hata chembe, na ya pili kuizungusha nati. Mikono yake ilielekeana kama ya mtu anayekamua nguo. Nguvu yote iliishia kati ya spana hizo mbili na ukuta haukujua kinachoendelea.

Spana iliyorefushwa hudanganya kwa sababu mvutaji hajihisi anavuta sana. Spana ya sentimita 25 ikivutwa kwa nguvu ya kilo 20 huleta msokoto fulani. Irefushe kwa kipande cha bomba hadi sentimita 75, vuta kwa nguvu zile zile, na msokoto huwa mara tatu. Mkono hauhisi tofauti, lakini bomba lililolika na kutu hadi likabaki jembamba kama bati linaihisi.

Kuna watu pia wanaoikaza nati kwa bidii wakidhani wanaifungua, hususan wanapolala chali chini ya beseni na kutazama juu. Ipo njia rahisi ya kuhakikisha. Nyoosha kidole gumba cha mkono wa kulia kuelekea upande ambao nati inapaswa kutokea, kisha ukunje vidole vingine. Upande vinaokunjia ndio upande wa kuzungusha.

Ajabu ni kwamba kabla ya kufungua, mzee aliikaza nati kidogo sana, kiasi cha kusikia mkwaruzo. Ukoko wa kutu huvunjika kwa kusogea kokote, na mara nyingi huvunjika kwa urahisi zaidi upande wa kukaza. Ilipolia tu, akaigeuza. Ilipotoka kwa robo mzunguko hakuendelea mbio. Aliirudisha ndani, akatia mafuta, akaitoa tena. Vumbi la kutu lililong'oka huweza kujikusanya na kuibana nati upya katikati ya safari.

Kuhusu aina za spana, ile yenye meno ambayo mafundi huiita paipu renchi huuma upande mmoja tu, na kadiri unavyovuta ndivyo inavyozidi kuuma. Inafaa kwa bomba la mviringo. Ukiitumia kwenye nati yenye kromu itaacha makovu, na pembe za nati zikishaviringika hakuna spana nyingine itakayoshika. Kwa nati tumia spana inayoikaa sawasawa, na uweke kitambaa au kipande cha mpira kati yake na kromu. Nati zilizofichika nyuma ya beseni zina spana yake maalumu yenye mpini mrefu na mdomo mdogo unaopinduka juu. Anayepanga kuzifungua na aiazime badala ya kujikwaruza vifundo vya vidole.

Haya yote ni kwa chuma. Nati za plastiki, kama zile za chini ya tangi la choo na za mtego wa maji machafu ya sinki, hufunguliwa kwa mkono na kitambaa kikavu, na zikikataa ni afadhali kuzikata na kununua nyingine. Katika nyumba mpya zenye mabomba ya plastiki yaliyounganishwa kwa kuyeyushwa, jihadhari zaidi. Mfereji wake hufungwa kwenye kipande cha shaba kilichopandikizwa ndani ya plastiki. Ukiuvuta kwa nguvu, kipande hicho huzunguka ndani ya plastiki, na kuanzia hapo hakuna nati tena, kuna ukuta wa kubomoa.

Ukikatika tayari

Zipo dalili za kuacha. Ukihisi mfereji unalegea kama mpira na kurudi ulipokuwa, bomba la ndani linajipinda. Ukisikia kigae kikilia, au ukiona ufa kwenye saruji, weka spana chini. Nati iliyokataa kila kitu huweza kukatwa kwa msumeno wa chuma: ikatwe ubavuni kwa mshazari hadi karibu na hesi bila kuzigusa, kisha tindo itiwe kwenye mkato na kupigwa hadi nati ipasuke.

Kipande kilichokatikia ndani ya kiwiko nacho huweza kutolewa mara nyingi. Toa wembe wa msumeno kwenye fremu yake, uufunge kitambaa upande wa kushika, uuingize tunduni na kukata mikato miwili au mitatu kwa urefu kutoka ndani kwenda nje. Simama mara tu unapokaribia hesi za kiwiko. Kisha kwa tindo ndogo kikunje kipande kuelekea ndani na ukivute kwa koleo. Mzee alijaribu hayo kwangu kwa karibu saa nzima kabla hajatikisa kichwa. Kiwiko chenyewe nilikuwa nimekipasua. Vigae vinne vilibomolewa, na kwa kuwa rangi ile haikupatikana tena madukani, bafu lile la buluu lilibaki na kiraka cheupe hadi siku niliyohama. Godoro la mtoto nililinunua siku iyo hiyo.

Kurudishia

Anayefunga kiungo kipya anaamua jinsi kitakavyofunguliwa baadaye. Safisha hesi za zamani kwa brashi ya waya hadi chuma king'ae. Zungusha utepe mweupe mara nne au tano kwa kufuata mwendo wa akrabu za saa, ukiwa umeielekea ncha yenye hesi, ili usifumuke unapokaza. Utepe huo huzuia maji na pia huzitenganisha hesi ili zisiumane sana. Anza kukaza kwa mkono hadi mwisho wa nguvu za vidole, kisha spana imalizie kwa mzunguko mmoja au zaidi kidogo. Ukipitiliza mahali ulipotaka mfereji utazame, usiurudishe nyuma; ufungue, ubadilishe utepe, uanze upya, la sivyo utavuja.

Fungua valvu polepole ili hewa itoke, na uache maji yapite kwa dakika chache yakiwa na rangi ya chai hadi yatakate. Ikiwa ni valvu ya gurudumu, ukiifungua hadi mwisho irudishe nyuma kwa nusu mzunguko ili isikwame ikiwa wazi, na mara mbili kwa mwaka uifunge na kuifungua hata kama huna kazi nayo. Kisha kausha kiungo kipya, kizungushie karatasi ya chooni, na uende kulala. Asubuhi uiguse. Hata tone moja lililopita usiku litakuwa limeacha alama.